Hatua 20 kwa 20

Agosti 1988 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na walimu ndio tuliotumwa kuhesabu watu. Nilipangiwa kipande cha Mbagala, pale ambapo Dar es Salaam ilikuwa inaishia na mikorosho inaanza. Nilipewa madodoso, penseli, kifutio na chaki ya kuandikia namba milangoni. Watoto walizifuta namba zile kabla sijamaliza mtaa.

Kila kaya niliiuliza nani alilala pale usiku wa kuamkia siku ya sensa. Bibi mmoja wa Kizaramo alinitandikia mkeka, akanipasulia dafu, lakini idadi ya wanawe akaninyima.

"Mwalimu, kwani watoto kuku hao, hata wahesabiwe?"

Nikamwomba anitajie majina tu. Akataja taratibu, nami nikichora vijistari pembeni mwa karatasi. Vikafika saba. Baadaye nikatambua kwamba wawili walikwisha kufariki. Kwake bado ni wanawe. Nikatumia kile kifutio kwa aibu.

Shamba lake lilikuwa kama ekari mbili: mikorosho, minazi, muhogo katikati. Vijana wawili walikwisha kujenga nyuma ya nyumba yake. Miaka ya tisini ndipo alipoanza kuuza, kiwanja kimoja kwa msiba, kingine kwa arusi, kingine kwa ada. Kipimo kilikuwa mguu: hatua 20 kwa 20. Mnunuzi mjanja alikuja na rafiki mwenye miguu mirefu. Hati ilikuwa ukurasa wa daftari, saini ya mjumbe, na mashahidi waliosogea kuona kuna nini.

Sensa ya 1967 ilitukuta Watanzania milioni 12.3. Ile niliyohesabu mimi ilipata milioni 23.1, na ya 2022 milioni 61.7. Mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulitoka milioni 1.36 mwaka 1988 hadi milioni 5.38 mwaka 2022. Wakubwa hawakuwahi kukubaliana tuzifanyie nini hesabu hizi. Mwaka 1992 Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu, ikitaka ongezeko lipungue. Mwaka 2018 Rais Magufuli akaupinga uzazi wa mpango hadharani. Mmoja aliona vinywa, mwingine akaona mikono.

Mimi naona wote walichelewa. Mbagala watu walitangulia, ramani ikafuata. Aliyetoka Lindi au Mtwara hakusubiri kiwanda kimwite. Alifikia kwa shemeji, akanunua hatua zake 20, akachimba choo, akafungua genge. Nguzo za umeme zilikuja zikikwepa nyumba. Bomba la maji nalo hivyo hivyo. Barabara ilipotaka kupanuliwa, kuta zikawekwa alama ya X. Eneo la shule ndilo hakuna aliyelipima, kwa sababu hakuna aliyelinunua, na darasa nililostaafia lilikuwa na watoto zaidi ya mia. Mji ulijengwa kwa akiba za watu wenyewe, tofali kwa tofali, halafu ukaitwa makazi holela.

Julai 2020 Benki ya Dunia ilituingiza katika nchi za kipato cha kati cha chini. Nilifurahi, sikatai. Jioni ile nilinunua mkaa wa kopo kama kawaida.

Mwaka 2022 karani alibisha hodi kwangu, binti mdogo mwenye kishikwambi mkononi. Akauliza swali lile lile: nani alilala hapa? Tulilala tisa, juu ya kiwanja nilichonunua kwa yule bibi. Alipofika kwenye kazi, vijana wangu watatu wakajibu bodaboda, genge na "natafuta". Wa mwisho ana shahada.

Mkorosho umebaki mmoja mtaa mzima. Umefungiwa kamba ya nguo.