Kusoma Ng'ambo: Mafunzo Matatu ya Kariakoo

Kila mwaka, majibu ya mtihani wa kidato cha sita yakiisha kutoka, wazazi hutujia sisi walimu na swali moja: "Mwalimu, tumpeleke mtoto nchi gani akasome?" Huuliza habari za nchi, ni wachache waulizao habari za kazi. Twaona swali hili laanza mahali pasipo pake. Walakini hatutaki kulijibu kwa maneno matupu, bali kwa mambo yaliyokwisha kutendeka katika mji wetu wa Dar es Salaam, hapa Kariakoo na kandokando yake, ambako msomaji aweza kwenda kwa miguu yake akaona.

Kwanza tulitazame jina lenyewe. Kariakoo ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wapagazi waliwekwa mahali hapo, na wenyeji wakalitamka jina kwa ulimi wao. Wapagazi wale walikwenda safari ndefu, lakini hawakuichagua. Walipelekwa, na wengi hawakurudi. Twalitaja jambo hili kwa kuwa hata leo wako vijana waendao ng'ambo kwa namna inayofanana na ile: amechagua wakala, amechagua mjomba, wala mwenye kusafiri hakuulizwa neno.

Sasa twende Mtaa wa Lumumba, ambao zamani uliitwa New Street. Hapo ndipo chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, na kiongozi wake alikuwa mwalimu wa shule kama sisi. Julius Nyerere alisoma Makerere, Uganda, toka 1943 hata 1945, akafundisha Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Uskoti kwa msaada wa serikali. Huko alianza kwa kujifunza kemia na fizikia kwa muda mfupi. Lakini hakuendelea na njia hiyo. Alipoingia Chuo Kikuu cha Edinburgh aliichukua shahada ya sanaa, tena si ile ya kuchimba somo moja tu, bali ile ya kawaida yenye masomo mengi. Basi akasoma uchumi, habari za desturi za watu, fasihi ya Kiingereza, historia, sheria za katiba, na falsafa ya maadili. Akamaliza mwaka 1952, akarudi kufundisha Pugu, karibu na mji. Mwaka 1953 alichaguliwa kuongoza chama cha Waafrika, TAA, na mwaka uliofuata kikageuka kuwa TANU.

Mtu aweza kusema kwamba shahada ile ilikuwa ndogo kuliko ile ya somo moja. Kwa sifa labda. Kwa kazi iliyokuwa ikimngoja, hapana. Mtu wa kuunda katiba na kuongoza makabila mengi alihitaji kujua mambo mengi, akajua jinsi mambo hayo yanavyoshikana. Hili ndilo funzo la kwanza: elimu ikufaayo si ile yenye jina kubwa, bali ile ilinganayo na kazi utakayoirudia.

Tutoke hapo, tuingie sokoni. Jengo kubwa la soko la Kariakoo lilijengwa katika miaka ya kwanza ya 1970, nalo lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, mmojawapo wa wasanifu wa kwanza wa majengo Waafrika katika Afrika ya Mashariki. Yeye hakusoma Uingereza. Alisoma Haifa, nchi ya Israeli, katika chuo cha ufundi kiitwacho Technion. Haifa ni mji wa bandari wenye jua kali la kiangazi, na nchi ile ilikuwa changa, ikijijenga kwa haraka. Amuli alirudi akafungua ofisi yake mwenyewe. Tazama paa la soko lile: zege limeinuliwa juu ya nguzo kama miavuli iliyopinduliwa, upepo upite chini yake, na maji ya mvua yakusanywe yashuke katika matangi yaliyo chini ya ardhi. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko, lakini haukuifuta akili iliyolichora. Funzo la pili ndilo hili: usidhani elimu njema iko katika nchi moja au mbili tu. Uliza chuo chafundisha nini, na kama hali ya huko yafanana na ya kwetu.

Funzo la tatu liko tena Mtaa wa Lumumba. Kabla ya 1961 kijana wa Tanganyika aliyetaka shahada ya sheria hakuwa na budi kuvuka bahari. Tarehe 25 Oktoba mwaka ule kilifunguliwa chuo kikuu katika jengo la TANU, wanafunzi 14, wote wa sheria. Baadaye, mwaka 1964, kikahamia Mlimani. Wale 14 walipata karibu na nyumbani kitu kilichokuwa mbali. Basi, kabla ya kuuza shamba, uliza kwanza kama unachokitafuta hakipo hapa.

Twasema hivi kwa uchungu, maana tumemwona mfanyabiashara mmoja aliyeuza fremu yake ya duka ili mwanawe akasomee udaktari. Aliletewa karatasi yenye picha za majengo mazuri. Hakuambiwa kwamba mwaka wa kwanza ni wa kujifunza lugha tu, nao una ada yake. Fedha ziliisha katika mwaka wa tatu; kijana akarudi bila shahada. Leo baba anapanga nguo za mitumba chini barazani, mbele ya mlango uliokuwa wake.

Kwa hiyo twashauri mambo manne. Anza na kazi, kisha somo, kisha chuo, na nchi iwe ya mwisho. Hesabu gharama zote hata siku ya kurudi, pamoja na mwaka wa lugha. Uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama shahada hiyo itatambuliwa. Na anayetaka udaktari aliulize pia baraza la madaktari. Tena uitazame amani ya nchi: vita vya Ukraine mwaka 2022 na vya Sudan mwaka 2023 viliwakuta vijana wetu madarasani, wakakimbia na vitabu vyao havijaisha.

Wala hatumkatazi mtu kusafiri. Bila safari ya Edinburgh na ile ya Haifa, Kariakoo ingekuwa na historia nyingine. Lakini mabaharia wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kijana na ajiulize kabla ya kupanda ndege: nitakaporudi, nitashika kazi gani, na nani ataihitaji? Akiisha kupata jibu, kuichagua nchi hakutamsumbua.