Mtihani wa NET wa saikolojia

NET ya saikolojia ni mtihani wa kitaifa nchini Uhindi kwa wanaotaka kufundisha saikolojia chuo kikuu au kupata ufadhili wa utafiti uitwao JRF. Kwa kawaida hufanyika mara mbili kwa mwaka.

Karatasi ya kwanza ina maswali 50 kuhusu ufundishaji, utafiti na uwezo wa kufikiri. Ya pili ina maswali 100 ya saikolojia. Zote hufanywa kwa saa 3.

Kufaulu hakumpi mtu kazi, bali sifa ya kuomba uhadhiri. Walioomba JRF na kupata alama za juu zaidi hulipwa posho ya kila mwezi wakifanya utafiti. JRF ina ukomo wa umri, uhadhiri hauna.

Mtihani wa tarehe 18 Juni 2024 ulifutwa kesho yake, ukarudiwa baadaye.