Mkono Hujifunzaje Kazi?

Leo wekeni penseli chini kwanza, msikilize. Mwajua wenyewe taabu ya siku za mwanzo: herufi huyumba, kidole huuma, macho hayathubutu kuiacha ncha ya penseli. Baada ya miezi kadhaa mkono huandika jina huku mwenyewe akizungumza na jirani. Je, aliyejifunza ni mkono au ni kichwa? Wataalamu walihangaika na swali hili kwa miaka mingi.

Mwaka 1870, mjini Berlin, madaktari wawili, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme hafifu. Walipogusa mahali fulani, mguu wa upande wa pili wa mwili ulicheza. Walipogusa pengine, haukucheza. Basi ikajulikana kuwa iko sehemu ya ubongo itoayo amri kwa viungo.

Lakini amri peke yake haitoshi. Katika vita vya 1914 hadi 1918, daktari Gordon Holmes wa jeshi la Uingereza aliwachunguza huko Ufaransa askari waliojeruhiwa kisogoni, mahali ulipo ubongo mdogo, chini ya ule mkubwa. Watu hao hawakupooza. Waliweza kunyosha mkono, ila ulitetemeka, ukapita kitu walichotaka kukishika au usikifikie. Mgonjwa wake mmoja alimweleza kuwa mkono wa upande mzima wajiendea wenyewe, bali ule wa upande ulioumia humlazimu aufikirie kila unapojongea. Ubongo mdogo, basi, hulinganisha kile mtu alichokusudia na kile mkono ulichofanya, kisha husahihisha. Mnapofuta herufi iliyopinda na kuiandika tena, nao umo kazini.

Sasa tuje kwa Henry Molaison, kijana wa jimbo la Connecticut, Marekani. Kifafa kilimsumbua hata akashindwa kazi. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, daktari William Scoville alimpasua kichwa, akaondoa sehemu za ndani za ubongo, kulia na kushoto. Kifafa kilipungua sana, lakini Henry hakuweza tena kuweka jambo jipya kichwani. Mtu akitoka chumbani na kurudi, alimwamkia kama mgeni. Maneno yake yalikuwa ya adabu na akili zake nyingine timamu. Ilikuwa bei kubwa mno, na Scoville mwenyewe aliwaonya madaktari wenzake wasiirudie operesheni ile.

Mwaka 1955 Bibi Brenda Milner, mtaalamu wa saikolojia kutoka Montreal, Kanada, alimpa Henry kazi ngumu. Alipaswa kuchora nyota kwa kupitisha penseli kati ya mistari miwili, bila kuutazama mkono wake ila ndani ya kioo. Jaribuni nyumbani mtaona: ukitaka kwenda huku, mkono waenda kule! Siku ya kwanza Henry alikosea sana. Akarudia tena na tena, na siku ya pili, na ya tatu, na makosa yakazidi kupungua. Hata hivyo kila siku ilibidi aelezwe kazi upya, kwa maana hakukumbuka kamwe kuwa amewahi kuiona. Alipomaliza vizuri, alistaajabu kuona kazi ni nyepesi kuliko alivyodhani.

Hapo ndipo jambo kubwa lilipoonekana. Kukumbuka kuwa ulifundishwa ni kazi ya sehemu zile alizonyimwa Henry. Kujua kufanya ni kazi ya sehemu nyingine: ile itoayo amri, ubongo mdogo usahihishao, na vifundo vilivyo ndani kabisa ya ubongo, ambavyo huunganisha miendo midogo mpaka iwe mazoea. Tangu miaka ya 1990 mashine zipigazo picha za ubongo wa mtu aliye hai zimeonyesha pia kwamba mwanafunzi mpya hutumia sana sehemu ya mbele, ya kufikiri. Akizoea, sehemu hiyo hupunguza kazi. Ndiyo sababu fundi cherehani aweza kupiga soga huku miguu yake ikikanyaga bila kukosea.

Henry alikubali kuchunguzwa kwa zaidi ya miaka 50, na kila alipokutana na wataalamu hao aliona ni mara ya kwanza. Alifariki mwaka 2008. Mwaka uliofuata, mjini San Diego, ubongo wake ulikatwa vipande 2,401, vyembamba kama unywele, vikahifadhiwa kwa uchunguzi zaidi.