Reli ya Kati kupitia Tabora: kupanga safari ya kwanza

Reli ya Kati ya Tanzania hutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, umbali wa kilomita zipatazo 1,250, na ina tawi linalokwenda Mwanza na jingine linalokwenda Mpanda. Makala hii inaieleza kwa ajili ya abiria anayeipanda mara ya kwanza, na inaianza safari yake katikati, pale Tabora. Wengi huanza kupanga kutoka Dar es Salaam na kuihesabu Tabora kama kituo kimojawapo cha usiku. Matokeo yake hufika njia panda wakiwa hawajaamua waendako, wala hawajui treni inayofuata itaondoka siku gani.

Njia yenyewe ni kongwe kuliko chuma chake. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali na kuingia Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo. Hapo barabara ziligawanyika: moja ilielekea Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mizigo ilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, chini ya kiongozi wa msafara aitwaye kirangozi. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa wakati huo, tarehe 7 Novemba. Ujiji waliiona Februari mwaka uliofuata.

Wajerumani walianza kutandika reli Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, miezi michache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 1916. Mapema mwaka huohuo Wajerumani, wakiwa wamekatiwa mawasiliano na kwao, walikuwa wakipiga sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo katika karakana ya reli ya Lulanguru, magharibi mwa mji. Waingereza waliongeza tawi la Mwanza, lililomalizika 1928, kisha tawi la Mpanda kutoka Kaliua, lililojengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Jina la Kaliua lisimchanganye mgeni. Ingawa reli huachana huko, abiria wa Mpanda hujipanga Tabora, na kwa desturi treni ya kawaida iliyotoka Dar es Salaam hukatwa Tabora, mabehewa mengine yakaenda Kigoma na mengine Mwanza. Anayetoka behewani kwenda kununua chai wakati wa kazi hiyo aangalie anarudi kwenye behewa gani.

Baada ya swali la wapi pa kwenda, la pili ni tiketi. Ulaya msafiri wa kwanza huzoea wazo la pasi moja: Interrail ilianza 1972 kwa vijana wa huko, na mwenye nayo anaweza kutoka Copenhagen hadi Narvik akipanda treni baada ya treni bila kununua tiketi mpya kila mara. Tanzania haina pasi ya namna hiyo. Kila kipande cha safari kina nauli yake, kama vile misafara ilivyolipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila mtemi aliyemiliki maji na njia. Kwa hiyo hesabu ya fedha ifanywe kwa vipande: Dar es Salaam hadi Tabora, Tabora hadi Kigoma, na kurudi. Nauli hubadilika kulingana na daraja. La tatu ni la viti, la bei nafuu, na lenye watu wengi na mizigo mingi zaidi. La pili lina viti na pia vyumba vya kulala vya watu sita. La kwanza, pale linapokuwepo, lina vyumba vya watu wawili. Vyumba vya kulala kwa kawaida hutenganisha wanaume na wanawake, hivyo familia au wenzi wanaotaka kukaa pamoja hununua vitanda vyote vya chumba kimoja. Vitanda huisha mapema. Kwa safari ya kulala njiani mara mbili, tofauti kati ya kiti na kitanda ina thamani kubwa kuliko nauli inavyoonyesha.

Tangu 2024 kuna chaguo jingine. Treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni mwaka huo, na hadi Dodoma Julai. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,435, ilhali ya zamani ina milimita 1,000, kwa hiyo behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Anayetaka kuanza kwa treni ya umeme lazima ashuke Dodoma na kutafuta usafiri mwingine: treni ya reli ya zamani, kama siku zinaoana, au basi. Vipande vya reli hiyo mpya vya baada ya Dodoma, kutoka Makutupora hadi Tabora, na kutoka Tabora kuelekea Isaka na Kigoma, vilipewa wakandarasi kati ya 2021 na 2022, na abiria akifika eneo hilo ataona kambi za ujenzi na matuta ya udongo kando ya reli ya Wajerumani. Kwa maoni ya mwandishi, safari ya kwanza ifanywe yote kwa reli ya zamani walau upande mmoja. Mwendo wake wa taratibu ndio unaomwezesha mtu kuiona nchi ikibadilika, kutoka mikonge ya Kimamba hadi mibuyu ya Ugogo, kisha vichaka vya Itigi na miombo ya Unyamwezi.

Kuhusu chakula, abiria mwenye busara habebi kingi. Vituo vina bidhaa zake: Saranda inajulikana kwa kuku na wali vinavyouzwa dirishani, na Tabora kwa asali inayouzwa katika chupa zilizotumika. Uvinza ni nchi ya chumvi tangu zama za misafara. Noti ndogondogo ziwe mkononi kabla treni haijasimama, maana baadhi ya vituo ni vya dakika chache na muuzaji hana muda wa kutafuta chenji. Maji ni jambo tofauti, hayo yabebwe ya kutosha kwa siku nzima. Mgunda Mkali, ambayo sasa hupitwa kati ya Manyoni na Tura, iliwaogopesha wapagazi kwa ukame wake, na treni ikiharibika huko leo duka liko mbali vilevile.

Siku za akiba ndizo sehemu ya mpango inayopuuzwa zaidi. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe hufuata bonde la mto Mkondoa, ambalo misafara pia ililipita, na mafuriko ya msimu wa mvua yamewahi kuisomba reli hapo na kusimamisha safari kwa muda mrefu, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Miezi ya Juni hadi Septemba ni salama zaidi na ina baridi ya kupendeza usiku. Kukwama Tabora nako kuna historia. Mwanahabari Stanley, aliyekuwa akimtafuta mmisionari Livingstone, alifika Unyanyembe Juni 1871 akakuta vita vya Mtemi Mirambo vimeifunga barabara ya Ujiji. Aliondoka Septemba, akizunguka kwa kusini. Livingstone, aliyerudi naye kutoka Ujiji hadi Kwihara, karibu na Tabora, Februari 1872, alibaki huko hadi Agosti akingoja wapagazi ambao Stanley alimtumia kutoka pwani.

Atakayelala Tabora siku moja au mbili kati ya treni na treni ana mambo ya kuona. Tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone, limejengwa upya na kuwekwa kumbukumbu, na liko kilomita chache nje ya mji, pikipiki hufika. Boma la Wajerumani liko mjini. Tabora ndiko Mtemi Isike wa Unyanyembe alikojilipua ndani ya ghala la baruti mwaka 1893 badala ya kutekwa na Wajerumani. Shule ya Wavulana Tabora ilimsomesha Julius Nyerere, ambaye baadaye alirudi mjini kufundisha St. Mary's. Miembe mikubwa iliyoachwa na zama za misafara ingali inatoa kivuli katika mitaa mingi.

Anayeendelea Kigoma hufika karibu na Ujiji, ambako daladala humfikisha kwa muda mfupi. Katika bandari ya Kigoma meli ya MV Liemba iliingia majini 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, baada ya kuletwa kwa reli vipandevipande kutoka Dar es Salaam. Kabla ya kwenda kuyaona hayo, abiria apite dirisha la tiketi aulize siku ya treni ya kurudi na kushika kitanda.