Nani Aliiba Maembe?

Jamaa ameshikwa na maembe ya mwenye shamba. Anapelekwa mbele ya mfalme, na utetezi wake ni huu: mwenye shamba alipanda kokwa ardhini, yeye amechuma matunda mtini, na kokwa si tunda. Kwa hivyo, ati hajaiba kitu cha mtu.

Mfano huo umo katika Milindapanha, kitabu cha kale cha Wabudha kilichohifadhiwa kwa lugha ya Kipali. Ni mazungumzo kati ya mtawa aitwaye Nagasena na mfalme Milinda. Milinda ndiye Menander, mfalme wa asili ya Kigiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Sarafu zake zipo hadi leo, upande mmoja Kigiriki, upande wa pili maandishi ya Kikharoshthi. Kitabu kiliandikwa baada ya enzi yake, lakini swali lililomo halijazeeka: mimi wa leo ni yule wa jana? Kama siye, nani atalipa madeni ya yule wa jana?

Mambo yanaanza na jina tu. Mfalme anamwuliza mtawa anaitwaje. Mtawa anasema watu humwita Nagasena, lakini hilo ni jina tu, ndani yake hakuna mtu wa kudumu. Mfalme anaruka. Kama hakuna mtu, nani anakula hicho chakula mnachopewa? Nani anafuata maadili? Na mtu akikuua, itakuwa hakuna aliyeuawa?

Nagasena hajibu moja kwa moja. Anamwuliza mfalme amefikaje hapo. Kwa gari la farasi. Sawa, gari ni lipi? Ni magurudumu? Hapana. Ni mhimili? Ni nira? Hapana. Basi gari liko wapi? Mfalme anakubali kwamba "gari" ni neno tunalotumia vipande hivyo vikikaa pamoja. Na mtu, anasema mtawa, ni vivyo hivyo: mwili, hisia, utambuzi, mazoea ya moyo na fahamu.

Kwa masikio ya wakati huo, hayo yalikuwa maneno mazito. Karne kadhaa kabla yake, wenye hekima wa Upanishadi walikuwa wamefundisha kinyume. Katika Chandogya Upanishad, kijana Shvetaketu anarudi nyumbani akiwa na miaka 24, baada ya miaka 12 ya masomo, kichwa kimevimba. Babake, Uddalaka, anamwambia atie chumvi kwenye maji, kisha asubuhi ailete. Chumvi haionekani. Aonje juu: chumvi. Katikati: chumvi. Chini: chumvi. Hivyo ndivyo kiini cha kila kitu kilivyo, mzee anasema. Hukioni lakini kipo, na wewe mwanangu ndiwe hicho. Hicho kiini cha ndani walikiita atman. Buddha alipokuja alifundisha kwamba ukikitafuta kitu cha kudumu ndani yako, hukipati.

Sasa tuamue vipi? Hapa ndipo India ya kale inaponivutia zaidi. Hukuruhusiwa kusema tu "mimi naamini hivi" ukaenda zako. Uliulizwa: umejuaje?

Shule iliyoshika swali hilo kwa mikono miwili ni Nyaya, ambayo kitabu chake cha msingi, Nyaya Sutra, kinahusishwa na mtu aitwaye Gautama. (Si Buddha, majina yamefanana tu.) Walitaja njia 4 za kujua: kuhisi kwa milango ya fahamu, kukisia kwa sababu, kulinganisha, na neno la mtu wa kuaminika. Walitofautisha pia mijadala: ule wa kutafuta ukweli, ule wa kushinda tu kwa vyovyote, na ule wa kubomoa hoja ya mwenzako bila wewe kuweka yako mezani. Ukishinda mitandaoni sana, hiyo miwili ya mwisho unaijua.

Wana-Nyaya walitetea nafsi kwa hoja rahisi. Unaliona embe, kisha unalishika. Jicho haliwezi kushika, mkono hauwezi kuona. Lakini wewe unajua kwamba ulichokiona ndicho unachokishika. Nani ameunganisha? Tena wanasema ukiona tunda chachu, mdomo unajaa mate. Hebu fikiria embe bichi lenye chumvi na pilipili. Umeona? Jicho limeona, ulimi umejibu. Lazima awepo mmoja anayekumbuka ladha ya jana na kutamani leo.

Wabudha hawakunyamaza. Vasubandhu, mmoja wa wanafikra wao wakubwa, alijibu kwamba kumbukumbu haihitaji mwenye nyumba. Wazo la jana linazaa la leo ndani ya mkondo mmoja, kama mbegu inavyozaa mche, mche ua, ua tunda. Ndiyo maana hukumbuki mambo ya jirani yako: mkondo wake ni mwingine.

Pembeni walikuwepo Wacharvaka, waliokataa yote. Kwao, kujua kwa hakika ni kuhisi tu, na roho hakuna aliyewahi kuiona. Fahamu inatoka mwilini jinsi ulevi unavyotoka kwenye pombe: viungo vyenyewe havileweshi, lakini vikichachuka pamoja, kichwa kinazunguka. Mwili ukifa, basi. Maandishi yao mengi yamepotea, tunawajua zaidi kwa midomo ya wapinzani wao.

Turudi kwa mwizi wetu. Mfalme mwenyewe anakubali kwamba anastahili adhabu, kwa sababu maembe aliyoyachuma yametokana na yale yaliyopandwa. Nagasena anasema ndivyo ilivyo kwa mtu. Ni kama taa inayowaka usiku kucha: mwali wa alfajiri si ule wa jioni, wala si wa taa nyingine. Na kwa Nyaya, aliyetenda na anayevuna ni nafsi ile ile. Wanapingana kuhusu karibu kila kitu, lakini hakuna anayekubali mtu atende leo na kesho matokeo yakose mwenyewe.

Mimi naegemea kwa mtawa. Siku hizi ni rahisi kusema "huyo alikuwa mimi wa zamani", kama kwamba jina la zamani limeondoka na bili zake. Nagasena anakunyima huo mlango. Lakini hakufungi pia. Kama wewe ni mkondo na si jiwe, hulazimiki kubaki ulivyokuwa. Deni ni lako, na kubadilika pia ni kwako.

Halafu kuna sharti alilotoa kabla ya mazungumzo kuendelea. Alimwambia Milinda watajadiliana ikiwa atakuja kama msomi, si kama mfalme. Wasomi hukosoana na hawakasiriki. Wafalme, ukiwapinga, wanakuadhibu. Milinda alikubali. Bila hilo, swali la "mimi ni nani" lingejibiwa na mwenye jeshi.