Jenereta Nyuma ya Jiwe

Mtu aingiaye Mwanza jioni ya Jumamosi, awe amekuja kwa gari kupitia Igoma au amevuka maji kwa kivuko cha Kamanga, hulakiwa na sauti kabla hajalakiwa na mwenyeji wake; kwani Furahisha pana mkutano wa Injili, Kirumba pana arusi, na huko mwaloni gari la matangazo linapita na vipaza sauti juu ya paa, likiwaamsha wavuvi waliojilaza mchana ili usiku wawahi dagaa. Wenzangu husikiliza wajue ni nani anayeimba. Mimi, kwa ada niliyoirithi kwa marehemu baba, aliyekuwa fundi wa mashine za kuchambua pamba, hutega sikio nisikie mngurumo ulio nyuma ya wimbo, nipate kujua nguvu ya sauti ile imetoka wapi.

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko umeme. Tangu zama za Ngika na Gumha, wale wacheza ngoma wawili mahasimu wa karne ya 19 ambao wafuasi wao ndio Bagika na Bagalu wa leo, Wasukuma wameshindana mbele ya halaiki, na hukumu haitolewi na kadhi bali na miguu ya watazamaji, kwa kuwa kundi linalovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Hivyo sauti ya kufika mbali ilihesabiwa miongoni mwa silaha, sambamba na dawa. Na sauti ile nayo ilitaka moto. Ngozi ya ngoma iliyolegea kwa unyevu wa ziwa ilisogezwa kando ya moto wa mabua, mpigaji akaijaribu kwa kiganja, akairudisha, akaijaribu tena, mpaka ikatoa mlio aliouridhia. Fauka ya moto palikuwa na chakula, maadamu mikono ya mpigaji ndiyo iliyokuwa mtambo wenyewe, na mwenye shughuli aliyewapunja wachezaji ugali na nyama alikuwa ameizima ngoma yake kwa mkono wake.

Sauti ya mashine ilianza kutembea Tanganyika juu ya magurudumu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, jaribio la sinema lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ambalo makao yake yalikuwa Vugiri katika milima ya Usambara, lilizungusha lori katika nchi za Afrika Mashariki likionyesha picha za kilimo na afya, maneno yake yakitoka kwenye santuri zilizopigwa sambamba na picha; na kwa kuwa huko lilikokwenda hapakuwa na waya wa umeme, lori lilibeba na mtambo wa kuuzalisha. Magari ya sinema yaliyofuata yalishika kanuni hiyo hiyo, kwamba atakaye kusikiwa na watu wa mashamba aje na umeme wake.

Ajabu ya Mwanza ni kwamba mji huu umeketi ukingoni mwa ziwa ambalo maji yake yanazalisha umeme tangu mwaka 1954, pale Malkia Elizabeth II alipolizindua bwawa la Owen Falls huko Jinja, ilhali wenyewe ukaendelea kuangazwa kwa mashine za dizeli kwa zaidi ya miaka thelathini baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ilipofika njia kubwa ya volti 220,000, iliyotoka Iringa ikapita Dodoma, Singida na Shinyanga, ikileta nguvu ya Kidatu na Mtera. Bukoba, kwa upande wao, wakaunganishwa na Uganda. Basi mwimbaji wa Mwanza aliyeunganisha gitaa lake kwenye umeme wa gridi aliimba kwa maji ya Ruaha Mkuu, yaendayo Bahari ya Hindi, huku maji ya ziwa lake mwenyewe yakimpita miguuni kwenda Misri.

Hata hivyo waya huo ulifuata mji, na shughuli za watu hazikufuata waya. Kabla yake, na baada yake pia, mkombozi alikuwa betri ya gari. Amplifaya za kwanza zilikuwa na valvu za kioo mithili ya taa ndogo, nazo zilidai volti mamia, hata ikalazimu nguvu ya betri ipandishwe kwanza kwa chombo kingine, na betri ikachoka upesi. Zilipokuja za transista, volti 12 zikatosha bila ya mwombezi, na kipaza sauti chenye mdomo wa tarumbeta, ambacho hula nguvu kidogo na kutupa sauti mbali, kikafungwa juu ya Land Rover, mnarani mwa msikiti, na mtini kwenye mnada wa ng'ombe. Sauti yake ni ya puani, sikatai, wala haikumfaa mpiga besi. Lakini kwa mahubiri, siasa na tangazo la chanjo sijaona kilichokishinda.

Besi ndiyo iliyoleta jenereta. Nakumbuka arusi moja upande wa Ilemela, nyumba imeegemea majabali kama zilivyo nyumba nyingi za huku, fundi mitambo ameiweka jenereta upande wa ziwani ili isikere. Alasiri upepo ukatoka ziwani kwenda nchi kavu, moshi wote ukawaingia wakwe. Ikahamishiwa upande wa mlimani, na usiku, upepo ulipogeuka kama ugeukavyo kila siku, moshi ukarudi tena, safari hii kwa bibi arusi. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akasema, "Wanangu, wekeni ubavuni, nyuma ya lile jiwe." Wakaweka, na jiwe likameza moshi na nusu ya mngurumo. Lakini waya ukawa mrefu, tena mwembamba, na kila besi ilipopiga taa za jukwaani zikafumba macho, jenereta ikaguna kama punda aliyepandishwa mlima. Kisha, mshereheshaji alipoinua mkono kuwaita maharusi, ikakohoa mara tatu ikazimika. Kijana aliyeichunga hakupayuka. Akafungua kikombe cha chini ya kabureta, akakimimina katika kifuniko cha birika, akanionyesha kwa tochi: chini ya petroli yamelala matone ya maji, mazima, yanang'aa kama ushanga. Dumu liliazimwa kwenye mtumbwi. Akapangusa, akajaza petroli safi, akavuta kamba, na shangwe zikapigwa kwa maharusi.

Bujora, ambako Padri David Clement wa Kanada aliipatanisha ngoma na Ekaristi, hata sikukuu ya Bulabo ikawa uwanja wa mashindano ya Bagika na Bagalu kila mwezi Juni, nimeona mambo haya mawili yakikaa jirani: mtangazaji anayaita makundi kwa kipaza sauti, na hatua chache kando yake ngoma zinaota moto. Umeme ukikatika, hao wa pili hawana habari.

Na umeme hukatika. Miaka ya mgao, hususa 1994, 2006 na 2011, iliwafunza mafundi wa Mwanza kutouamini ukuta wenye soketi, na aghalabu hata leo fundi mitambo aliyehakikishiwa na mwenye ukumbi kwamba umeme upo na luku imejaa huja na jenereta yake ndani ya gari. Anayeichunga ni kijana asiyekaa mezani wala kutajwa na mshereheshaji, na sahani hupita zote mbele ya jukwaa pasina moja kumfikia, jambo ambalo mwenye ngoma wa zamani asingelithubutu. Ukialikwa, msomaji wangu, zunguka nyuma ya jiwe. Utamkuta ameketi juu ya dumu. Mpelekee pilau ingali moto.