Mlolongo: Siku Kura Ilikuwa Laini

Jioni ukipita steji ya Ngara utapata watu wamepanga laini wakingoja mathree. Sasa fikiria hiyo laini ndiyo kura yako. Chifu anakucheki, landlord anakucheki, na bosi wako amesimama laini ile ingine.

Hii si muvi. Ni Kenya, 1988.

Juni 1982 Bunge liliweka kifungu cha 2A kwa Katiba, KANU ikawa chama cha pekee kisheria. Halafu mchujo wa 1988 ukaja na mlolongo. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Wanachama wa KANU wanasimama nyuma ya mgombea, ajenti wake ama picha yake, wanahesabiwa kama mbuzi. Mgombea akipita asilimia 70, ameshaingia Bunge. Kura ya siri ni ya wale hawakufika hapo. Na kuna mahali watu waliona laini fupi ikitangazwa mshindi, mchana kweupe.

Wengi wetu tulikariri kwamba demokrasia ni uchaguzi. Zii. Hata utawala wa mtu mmoja hupanga uchaguzi. Swali ni hili: unaweza kumkataa mkubwa halafu ulale kwako bila wasiwasi? Mtu akijua anaonekana, anasimama penye ni salama, si penye roho yake iko. Ukiona laini ndefu, huwezi jua kama ni mapenzi ama ni uoga.

Lakini uoga nao huisha. Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia walikamatwa siku chache kabla ya mkutano wa Saba Saba. Watu bado walienda Kamukunji, wakapigwa, na fujo ikaenea mpaka nje ya Nairobi. Mwisho wa mwaka huo KANU ikaacha mlolongo. Desemba 1991, 2A ikafutwa.

Halafu 1992 upinzani ukagawanyika, Moi akashinda na kama asilimia 36 tu ya kura. Kumbe kupata uhuru wa kuchagua ni kitu kimoja, kuutumia vizuri ni kingine.

Nimeshasema mara mingi kura haina maana. Siku hizi nafikiria mara mbili. Kama haingekuwa na maana, mbona walitaka sana kuiona?

Leo usiku uliza mzazi ama shosho: 1988 ulisimama laini ya nani? Angalia kama atajibu haraka. Niambie kwa comments.